Uji wa Moto kwa Wageni wa Barafuni

Katika miaka minne niliyofanya kazi kwenye maabara ya maji ya mji wetu, hakuna bakteria hata mmoja aliyefia mikononi mwangu bila idhini yangu. Nasema hivi bila kujisifu, kwa sababu anayesema ukweli hajisifu, anatoa taarifa. Wenzangu wakiotesha bakteria wanapata vidoa viwili vitatu vyenye huzuni. Mimi nikiotesha, kisahani kinajaa kama uwanja wa mpira siku ya fainali. Mkuu wa maabara, ambaye sifa humtoka kwa shida kama dawa ya meno kwenye tyubu iliyokwisha, alishawahi kuniita Mkono Mwepesi mbele ya watu. Ni kweli kwamba siku hiyo nilikuwa nimevunja chupa tatu, lakini jina ni jina.

Kwa hiyo dada yangu aliporudi kutoka huko kwenye ncha ya dunia na vichupa vitano vya maji ya ziwa, nilielewa kabisa kwa nini alikuja kwangu. Yeye alisema amekuja kwa sababu chumba cha baridi cha chuo chao kinasubiri fundi tangu mwaka juzi. Kila mtu ana njia yake ya kumwomba bingwa msaada.

Dada ndiye msomi wa nyumba. Mimi nilimaliza sekondari, nikachukua cheti cha miezi tisa, nikavaa koti jeupe na kuanza kula mshahara. Yeye aliendelea kusoma mpaka nikadhani vitabu vitamwishia. Na katika vyote vinavyosomeka duniani, akachagua bakteria wanaoishi kwenye maziwa yaliyofunikwa na barafu mwaka mzima, barafu nene kuliko nyumba yetu ilivyo ndefu. Ili awapate, alikaa miezi minane kwenye kambi ya watu kumi na mmoja na choo kimoja, wakitoboa barafu kwa zamu. Akakosa harusi ya binamu yetu, jambo ambalo Mama hajawasamehe bakteria hao mpaka leo.

Siku aliyoleta vichupa, alikaa kwenye stuli yangu pale maabara, sanduku la baridi likiwa mapajani kama mtoto mchanga.

"Sasa hawa wanaishije humo bila kuganda?" nikamuuliza.

"Unajua samli na mafuta ya maji?"

"Dada, mimi si mtoto."

"Ukiviweka vyote kwenye friji, kipi kinaganda?"

"Samli."

"Basi ngozi ya bakteria wa kawaida ni kama samli. Ukiipoza inakakamaa, hakuna kinachoingia wala kinachotoka. Ngozi ya hawa wangu ni kama mafuta ya maji. Kwenye baridi inabaki laini. Wanakula, wanazaana, maisha yanaendelea. Ila polepole."

"Polepole kiasi gani?"

"Hao wako wa kwenye bomba, mmoja anakuwa wawili kwa nusu saa. Hawa inaweza kufika wiki."

"Nimewaelewa. Ni watumishi wa umma."

Alicheka, halafu akaacha ghafla, na nikaona macho yake yamechoka.

"Sikiliza, bwana mdogo. Jopo la chuo linakaa baada ya wiki kumi. Wanataka kuona kiumbe hai kimeota kwenye kisahani. Nikiwapelekea makaratasi tu, mradi unafungwa, na mimi nabaki na miaka mitano ya picha za barafu. Kuota kunachukua wiki sita, pengine saba. Fungua vichupa vitatu. Viwili usiviguse."

"Umemaliza?"

"Nimekuandikia kila kitu."

Akanipa karatasi yenye vipengele tisa, mbele na nyuma, kwa mwandiko wake ule mdogo mdogo wa mtu anayehurumia miti. Halafu akapanda basi kurudi chuoni, mji mwingine kabisa, kufundisha na kuandika.

Karatasi niliisoma. Nisije nikasingiziwa kwamba sikuisoma. Nilisoma kipengele cha kwanza, ambacho kilinitaka ninawe mikono. Mimi, miaka minne maabara, naambiwa ninawe mikono. Nikaona nimetukanwa vya kutosha, nikaruka moja kwa moja mpaka kwenye sahihi, nikaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

Hapa lazima nieleze namna tunavyofanya kazi. Kwenye maabara yetu tunaotesha kwa kumimina. Unatia maji kidogo ndani ya kisahani, na juu yake unamimina chakula cha bakteria. Chakula hicho tunakiita uji, kwa sababu kinapikwa, kinamiminwa kikiwa cha moto, na kikipoa kinashikana kama jeli. Swali ni moja tu: uji uwe na joto gani unapomimina? Vitabu vinasema chukua kipimajoto. Sisi tuna shavu.

Ufundi huu nilifundishwa na Mzee Shavu, fundi mkongwe wa maabara. Unachukua chupa ya uji, unaigandamiza shavuni. Ukiruka, bado ni moto mno. Ukiweza kuvumilia huku ukihesabu mpaka kumi, mimina. Mzee Shavu amefanya hivyo kwa miaka ishirini na sita, na shavu lake la kulia linang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride, wakati la kushoto limebaki la raia wa kawaida.

Basi nikatoa vichupa vitatu vya Dada. Maji yalikuwa meupe, baridi kali, bila harufu. Nikavipanga vizuri mezani, nikanyonya kwa pipeti, nikatia kwenye visahani. Nikaweka chupa ya uji shavuni, nikahesabu kumi kwa heshima zote, nikamimina.

Mzee Shavu alikuwa anapita na trei. Akasimama.

"Kijana, na hawa nao ni wa kumimina?"

"Mzee, bakteria ni bakteria."

"Nimeuliza tu. Nimeona kichupa kina maandishi ya kizungu kirefu."

"Hayo ni ya forodhani."

Akatikisa kichwa, akaenda zake. Mimi nikaviingiza visahani kwenye chumba cha baridi, nyuzi nne juu ya sifuri, nikafunga mlango kwa upole wa mlezi aliyelaza watoto.

Dada alipiga simu kila Ijumaa.

"Wanaendeleaje?"

"Wametulia."

"Umeona kitu?"

"Dada, ulisema wiki sita. Ndiyo kwanza wiki ya pili. Unataka nikawapigie ngoma?"

Wiki ya tatu visahani vilikuwa vitupu, safi kama kipara cha Mkuu. Sikuwa na wasiwasi wa aina yoyote, na ili kuonyesha jinsi nisivyokuwa na wasiwasi, nikafungua kichupa cha nne. Najua alisema viwili nisiviguse. Lakini mtaalamu anatakiwa kutumia akili yake, na akili yangu iliniambia kwamba uji wa mara ya kwanza ulipoa mno. Safari hii nilihesabu mpaka nane tu.

Wiki ya tano, Ijumaa saa nne asubuhi, nikiwa nasuuza vyombo vya kioo, simu ikaita.

"Leo nimewafundisha wanafunzi wangu kuhusu hawa wetu," akasema Dada. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyelala vizuri. "Wamecheka sana. Nimewaambia kuna bakteria ambao joto la kiganja cha mkono linatosha kuwaua. Ukishika tu kichupa kwa mapenzi kidogo, umefanya mauaji."

Nilikuwa nimeshika kioo. Nikakiweka chini taratibu.

"Kiganja?"

"Ndiyo maana nilikuandikia, kipengele cha pili. Uji umiminwe kwanza peke yake, ugande, upoe mle mle kwenye chumba cha baridi siku nzima. Halafu maji ya ziwa yapakwe juu. Pipeti nazo zilale humo humo. Wewe uliziweka, si ndiyo?"

"Kila kitu kililala," nikasema.

"Ndiyo maana nakupenda, bwana mdogo. Wengine wangewapikia supu."

Akakata simu. Nikabaki nimeshika shavu langu. Viumbe wameishi chini ya barafu miaka mingi isiyo na idadi, wamevumilia giza la nusu mwaka, njaa na chumvi, wamepanda ndege nne bila kutapika, wakaja kufia chini ya uji uliopimwa kwa uso wangu. Vichupa vinne, tena kimoja kati ya hivyo kwa kuhesabu nane.

Nilifikiria kusema ukweli. Msinitazame hivyo, nilifikiria kweli. Niliandika hata ujumbe kwenye simu: "Dada, kuna tatizo dogo." Nikaona neno dogo lina uongo ndani yake, nikalifuta. Ikabaki: "Dada, kuna tatizo." Nikaona inatisha, nikafuta tatizo. Ikabaki: "Dada, kuna." Jioni nikampigia.

"Dada, kuna jambo."

"Sema."

"Nakutakia kazi njema."

"Umelewa?"

"Hapana. Nimekukumbuka tu."

Kichupa cha tano kilikuwa bado kipo. Lakini kuota ni wiki sita, na jopo lilibakiza tano. Dada mwenyewe angekuja kuvichukua visahani wiki tatu kabla ya jopo, yaani baada ya siku kumi na nne. Kufungua kichupa cha tano sasa kungekuwa ni kuungama kwa maandishi. Nikakiacha kilipo. Kile cha nne nikakijaza maji ya bomba, kwa sababu dada yangu, pamoja na kasoro zake zote, anajua kuhesabu mpaka mbili.

Sasa nikawa nahitaji kitu kinachoota kwenye baridi, na kiote upesi. Nikawaza usiku wa Ijumaa kucha bila jibu. Asubuhi ya Jumamosi, nyumbani, nikafungua friji ya Mama kutafuta maziwa, na jibu likanitazama usoni.

Friji ya Mama ina umri wangu. Inanguruma kama mtu anayeambiwa aamke. Kwenye droo ya mboga, chini kabisa, kuna utelezi fulani ambao Mama amepigana nao tangu nikiwa shule ya msingi. Anausugua, unarudi. Anaumwagia maji ya moto, unaondoka siku tatu, unarudi na ndugu zake. Na kwenye mpira wa mlango, ndani ya mikunjo, kuna mwingine wa rangi ya chungwa. Miaka yote tuliuita uchafu. Mimi asubuhi ile niliuita utafiti.

Mama alikuwa uani anaanika nguo. Nikakimbia maabara, nikarudi na vijiti vya pamba na visahani vipya nilivyoviandaa mara baada ya simu ya Dada, kabla sijajua nitapaka nini: uji umeganda, vimelala kwenye chumba cha baridi tangu Ijumaa mchana. Maana safari hii karatasi ya Dada niliisoma yote, mbele na nyuma, mara mbili. Nilinawa mikono. Sikushika kitu kwa kiganja kitupu. Nilipaka kwa juu, kwa wepesi, kama ilivyoandikwa kwenye kipengele cha sita. Ni haki kusema kwamba maagizo ya dada yangu yalifuatwa neno kwa neno, kwa faida ya droo ya mboga.

Nikaandika lebo juu ya vifuniko, nikavitazama kwenye mwanga wa dirishani, nikavirudisha maabara ndani ya sanduku la barafu. Siku ya nane vidoa vya kwanza vikatokea. Siku ya kumi na mbili ilikuwa bustani: vya manjano, vyeupe, na vile vya chungwa vikimetameta kama vifungo. Mzee Shavu akachungulia, akaniambia, "Kumbe waliamka." Nikamwambia walikuwa wanataka muda.

Alhamisi Dada akafika. Hakuja peke yake, alikuja na Mama.

"Nimemwambia leo lazima niwaone," akasema Mama, akiwa tayari amevaa koti jeupe la wageni, limemfika magotini. "Wadudu walionikosesha mtoto harusini, angalau wanisalimie."

"Si wadudu, Mama," akasema Dada.

"Wana miguu?"

"Hawana."

"Basi ni wabaya zaidi."

Nikawaingiza kwenye chumba cha baridi. Dada akachukua kisahani kwa glavu, akakiinua kwenye taa. Halafu machozi yakamtoka, dada yangu huyu ambaye hakulia hata alipovunjika mkono, akalia kimya kimya mbele ya utelezi wa mchicha.

"Wako hai," akasema. "Mama, wako hai. Walikuwa gizani muda wote huo."

"Maskini," akasema Mama, akilainika. "Nao wamepata taabu."

Mimi nilikuwa natazama sakafu. Sakafu ya chumba kile ina vigae thelathini na sita.

"Wamekuwa wengi kuliko nilivyotarajia," Dada akaendelea, akijifuta kwa mkono wa koti. "Na wanene. Hawa wa chungwa sijawahi kuwaona hata kwenye maandishi ya wenzangu. Wewe unajua maana yake?"

"Maana yake nini?"

"Huenda ni wapya kabisa. Kesho napeleka visahani vitatu wakasomwe vinasaba. Majibu yatatoka siku ya jopo, mbele ya kila mtu. Profesa wangu amealika wageni kutoka vyuo vitatu. Nitasimama pale, jina la kiumbe litatokea ukutani."

Nikaliona hilo jina likitokea ukutani. Nikawaona wageni wa vyuo vitatu wakisoma kwa pamoja kwamba dada yangu alivuka bahari na kutoboa barafu ili kuwaletea kitu kinachopatikana nyuma ya karoti za nyumba yoyote.

"Si usubiri kidogo?" nikasema. "Haraka ya nini?"

"Miaka mitano unaiita haraka?"

"Nasema tu wapumzike. Wametoka mbali."

Dada akanigeukia, akaniwekea mkono begani. Hili lilikuwa baya kuliko kofi. "Nilikuwa na wasiwasi na wewe, nakiri. Nilidhani hata karatasi hutaisoma. Kumbe umefanya kazi safi. Jina lako nitaliweka kwenye shukrani, ukurasa wa kwanza."

"Usihangaike."

"Na nyumbani amebadilika pia," Mama akadakia, akifurahi kwamba mazungumzo yamefika mahali anapopajua. "Hujui tu. Huyu mdogo wako siku hizi anasafisha friji."

Dada akacheka. "Huyu?"

"Mama, twende nje, humu baridi itakuumiza miguu," nikasema.

"Miguu yangu iko sawa, baba. Acha nikusifu, sikusifu kila siku." Akamgeukia Dada. "Niliingia kutoka uani kuchukua vibanio, nikamkuta kaingiza kichwa chote kwenye droo ya mboga. Na kijiti cha pamba, mwanangu, kama anayesafisha sikio la mtoto. Mpaka kwenye mpira wa mlango, kila mkunjo. Miaka yote nasugua na brashi, kumbe kuna utaalamu."

Kicheko cha Dada kikapungua taratibu, kama bomba linalofungwa.

"Kijiti cha pamba," akasema.

"Tena amevaa glavu. Nikasema moyoni, Mungu mkubwa, sikumsumbua. Nilirudi nyuma polepole."

"Ilikuwa lini, Mama?"

"Jumamosi. Si hii iliyopita, ni ile ya nyuma yake. Subiri." Mama akaanza kupekua mfuko wake. "Nilimpiga picha, maana nikisimulia shangazi zenu wataniita mwongo. Nilitaka nikuonyeshe wewe kwanza."

"Mama, hapa ndani simu haziruhusiwi," nikasema, na ni kweli kuna bango mlangoni, ingawa tangu nianze kazi sijawahi kumwona mtu akilisoma.

Mama alishampa Dada simu. Dada akavua glavu moja kwa meno, kwa sababu mkono wa pili bado ulikuwa na kisahani. Akatazama picha. Nikaona kwa pembeni: friji wazi, mgongo wangu, na mkono wangu umenyanyua kitu cha duara kwenye mwanga wa dirisha, kinang'aa vizuri sana. Mama ana mkono wa kupiga picha, hatulii mtu akimwambia hana.

Dada akaweka vidole viwili kwenye kioo, akaikuza. Akaikuza tena. Midomo yake ikasogea, akisoma mwandiko wangu mkubwa wa kalamu ya wino mweusi juu ya kifuniko.

"Ziwa, kisahani cha tatu," akasoma.

Halafu akakigeuza kisahani kilichokuwa mkononi mwake, akakuta maneno yale yale kwenye kifuniko chake, akaniinulia macho.